Nilitaja Jina la Uongo Ili Mtoto Atoke

Mwanamke mmoja alitoka maji siku tatu mfululizo na mtoto hatoki. Wakampakia kwenye kivuko wamvushe Busisi, wampeleke Sengerema. Walipofika katikati ya ziwa wakamwambia, taja wanaume wako.

Akataja wa kwanza. Kimya.

Akataja wa pili. Kimya.

Alipomtaja wa tatu mtoto akasogea. Alipomtaja wa nne akatoka, hapo hapo juu ya kivuko. Na huyo wa nne alikuwa abiria, amesimama pembeni kashika baiskeli yake.

"Baiskeli ikamponyoka," Josepha akamalizia, huku anageuza samaki kwenye karai.

"We uliona?" nikamuuliza.

"Aliona dada wa jirani yangu."

"Na mwenye baiskeli alisema nini?"

"Aseme nini, mwenzangu? Si aliokota baiskeli."

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka. Ila nilicheka usoni tu, kwa sababu wakati Josepha anasimulia hayo nilikuwa na kitambaa kimelowa katikati ya mapaja, mimba ya miezi saba, na mume ambaye sijamwona tangu Novemba.

Naitwa Sabina. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama ninavyoongea. Haya yalinipata Mkolani, mwaka ule wa mvua za elinino, mwanzoni mwa tisini na nane.

Mume wangu, Masalu, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kikapunguza watu, akapewa barua. Miaka ile ukipewa barua unaelekea machimboni, upande wa Geita, kila mwanaume alikuwa anaota dhahabu. Akaenda. Akawa anarudi baada ya miezi mitano, anakaa wiki, anaondoka tena.

Mimi na Josepha tukawa tunakaanga mapanki kando ya barabara. Mapanki ni kile kichwa na mgongo wa sangara vinavyobaki kiwandani. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunakula mfupa. Josepha ni Mhaya wa Muleba, mdomo wake haujui kulala, ila ni mtu wa kusaidia. Ukiugua atakupikia uji. Na ukishapona atasimulia ulivyokuwa unaugua.

Novemba hiyo Masalu alikuja na kitenge na redio. Tukakaa wiki moja kama maharusi. Akaondoka.

Siku kama kumi baadaye ndiyo yakaanza.

Mwanzoni sikushtuka. Mimba ya kwanza, ya Mihayo, nilitoka ute mweupe mpaka mwisho, mwepesi, hauna harufu, na nesi aliniambia huo ni wa kawaida.

Lakini haya yalikuwa ya njano. Baadaye njano yenye ukijani. Mazito, yakikauka kwenye nguo yanakuwa kama gundi. Na nikikojoa nachomeka mpaka nang'ata kanga.

Harufu nayo? Hapo ndipo nilipopotea kabisa.

Mtu anayeshinda na mapanki kuanzia asubuhi hajui harufu ipi ni ya samaki na ipi ni yake. Nywele zinanuka samaki, kanga inanuka samaki, hata mtoto ukimbeba ananuka samaki. Na nguo zetu zilikuwa hazikauki. Maji ya kuoshea yanakurukia, mvua inakunyeshea. Nikajiambia, Sabina, hii ni kazi tu.

Nilitaka iwe kazi. Maana kama siyo kazi, ni ile ya kivuko.

Kwetu wengi waliamini hivyo. Mjamzito akitoka maji au uchafu, au uchungu ukikwama, basi kuna mwanaume amejificha. Akitajwa, njia inafunguka. Asipotajwa, mama anakwenda na mtoto anakwenda. Na mimi mume wangu yuko mbali. Nani angeniamini kwamba sina wa kumtaja?

Siku ya kliniki nesi akaniuliza, "Una tatizo lolote, mama?"

Nyuma yangu limekaa benchi zima la wanawake wa Mkolani, masikio yamesimama.

"Sina," nikasema.

Nikaanza kujitibu. Nikanunua shabu, ile wanayosafishia maji, nikawa nalowesha na kujiosha nayo mpaka ndani. Ikakausha kweli, siku moja. Halafu ikachubua, na uchafu ukarudi na damu kidogo.

Nikaenda kwa Ponsian.

Ponsian alikuwa na duka la dawa karibu na njia ya Buhongwa. Wakati huo maduka ya dawa yalikuwa yameota kila mahali kama uyoga. Tulimwita daktari ingawa hakuwa daktari, aliwahi kuhudumu zahanati tu. Mtu mzima, mpole, ana mke na watoto wanne.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama Mihayo. Nikusaidie nini?"

"Kuna jirani yangu anatokwa na uchafu."

"Jirani yako ana mimba?"

"Anayo."

Akatazama tumbo langu, halafu akatazama pembeni, kwa adabu.

"Mwambie jirani yako aende hospitali leo. Na aende na mume wake."

"Mume wake yuko machimboni."

"Ndiyo maana nasema aende naye."

Sikuelewa. Nikamwomba vidonge vya rangi mbili, akakataa. Nikambembeleza sana, nimeinamia dirisha lake, nanong'ona. Mwisho akanipa sita, akasema ni vya kupunguza tu, si vya kuponya. Nikamwomba asimwambie mtu.

Nilipogeuka, Josepha alikuwa anapita na ndoo kichwani.

"Mnaongea nini kwa siri namna hiyo?" akasema, akacheka, akaendelea na njia yake.

Vidonge vile vilinyamazisha hali siku nne. Ya tano ikarudi kwa hasira.

Mwishoni mwa Januari mama mkwe wangu akavuka kutoka Sengerema kuja kunisubiri nijifungue. Anaitwa Kija. Mimi nilimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Alinikuta nimeinama nafua, akaninyang'anya beseni bila kusema neno. Kwao alikuwa ndiye mkunga, amezalisha hata wajukuu wa watu aliowazalisha.

Ndiyo maana nilimwogopa. Macho yake yalikuwa yanajua.

Jumatatu asubuhi nikainua ndoo. Nikasikia kitu kimefyatuka ndani, tiki, kama uzi umekatika. Maji ya uvuguvugu yakashuka mpaka kwenye kandambili.

Hayakuwa mengi. Ila hayakukoma.

Nikahesabu. Miezi minane haijatimia.

Mayu akatoka nje. "Vipi, mwanangu?"

"Ndoo imenimwagikia."

Mnaosoma, hapo ndipo nilipotakiwa kukimbia. Sikukimbia. Nilikunja kitambaa, nikaenda kukaanga samaki.

Jumanne nikabadilisha vitambaa sita. Nikawa navianika nyuma ya choo. Josepha ananisimulia tena yule wa kivuko, sasa ameongeza kwamba mwenye baiskeli alikuwa katekista. Mimi nasikia kichwani maneno mawili tu, siku tatu, siku tatu.

Jumatano homa ikapanda. Mgongo unakatika. Na mtoto, ambaye kila nikikaa alikuwa ananipiga teke la ubavu, siku hiyo alikuwa anasogea kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini.

Mayu akaja na kitambaa changu mkononi. Amekitoa nyuma ya choo. Kilikuwa na rangi ya kijani.

"Maji yametangulia lini?"

"Juzi."

Akakaa chini. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Saa nane mchana uchungu ukaanza. Unakuja, unaondoka, hauna nguvu. Mvua inapiga bati mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Josepha naye keshafika, amesimama mlangoni, maji yanamtiririka.

"Nani, mwanangu?" mayu akaniuliza.

"Hakuna, mayu."

"Sitamwambia Masalu. Mimi namtaka mjukuu wangu tu. Nani?"

"Naapa hakuna."

"Taja, mwenzangu," Josepha akasema. "Yule mwenzio alitaja wanne na mume hakumwacha."

Naomba mnielewe. Mimi sikuwa na mwanaume. Lakini mtoto alikuwa ametulia tumboni, na wale watu wawili, wanaonipenda, waliamini kabisa kwamba mdomo wangu ndio unaomfungia njia. Na mimi pia, tangu nizaliwe nasikia hivyo. Nikafika mahali nikawaza, labda jina lolote litatosha. Labda njia haijui jina la kweli na la uongo.

Uchungu ukaja.

"Ponsian," nikasema.

"Nilijua mimi," Josepha akasema. "Pale dirishani. Nilijua."

Mayu akafumba macho, akangoja. Josepha akangoja. Na mimi nikangoja, Mungu anisamehe, nikangoja kweli.

Mtoto hakutoka.

"Basi yuko mwingine," Josepha akasema.

Mayu akaweka sikio tumboni kwangu, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Moyo wake unakimbia kama wa kifaranga," akasema. "Jina halimtoi huyu. Josepha, tafuta gari."

"Na huyo mwingine je?"

"Nimesema gari."

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya mapanki iliyokuwa inarudi mjini tupu. Nikalazwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mayu, turubai juu yetu, uvundo wa samaki umejaa puani. Tukaenda hivyo hadi hospitali.

Nesi aliyenipokea anaitwa Kokulinda. Mrefu, hana mchezo.

"Chupa imepasuka lini?"

"Juzi asubuhi."

"Juzi. Ulikuwa unangoja nini, mama?"



Wakanitundikia dripu, wakanichoma sindano. Jioni ile ile, jua halijazama, nikajifungua mtoto wa kike. Kilo moja na robo tatu. Hakulia. Wakamsugua mgongo, wakamfyonza puani, wakamsugua tena, ndipo akatoa sauti kama ya paka.

Nikasema, nipeni nimwone.

Nesi akasita.

Macho yalikuwa yamevimba, yamefumba kabisa. Akayafungua kwa vidole na pamba. Ukatoka usaha wa njano.

Rangi ile ile. Ile iliyokuwa kwenye vitambaa vyangu tangu Desemba.

Usiku na mchana walikuwa wanamsafisha, dawa machoni, sindano kwenye paja lisilozidi kidole gumba. Mimi walinichukua vipimo. Siku ya pili Kokulinda akanivutia pazia.

"Ni kisonono. Mtoto amekipata kwako. Chupa ikishapasuka hana kinga, na wewe ulimwacha humo siku tatu. Sasa niambie, una wenzi wangapi?"

Nikaanza kulia. Nikajua hata huku ni yale yale.

"Mume wangu tu," nikasema. "Wallahi, mume wangu tu." Na mimi ni Mkatoliki.

Akaandika. "Sawa. Aje atibiwe."

Basi. Hakuuliza tena. Nilikuwa sijawahi kuaminiwa haraka hivyo.

Kumbe huku nyuma jina la Ponsian lilikuwa limeshatembea. Josepha hakulala nalo. Liliingia sokoni, likaingia kanisani, likavuka maji na mchimbaji mmoja. Masalu, akirudi nyumbani kutoka machimboni, alilikuta Busisi, kwenye foleni ya kivuko, kabla hata hajajua kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

Alipofika Mkolani alianzia dukani kwa Ponsian. Akavunja kioo cha kabati la dawa. Mke wa Ponsian, Paskazia, alikuwa anafunga mizigo.

Siku hiyo hiyo mchana Masalu akatokea hospitali. Nilikuwa barazani nimekaa na mayu, mtoto kafunikwa macho kwa pamba.

"Mwanao huyo," akasema, "mpelekee baba yake mwenye duka."

Mayu akamwambia, "Punguza sauti, kuna wagonjwa."

Kabla hajajibu, Ponsian akaja. Amevaa koti, mvua yote ile, na mkononi ana karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Mke wake yuko nyuma yake. Ponsian hakunitazama. Akampa Kokulinda karatasi.

"Nimepima jana. Soma wasikie."

"Majibu ya mtu hayasomwi barazani."

"Ya kwangu nimeruhusu. Mke wangu asikie."

Kokulinda akaisoma, akamtazama Paskazia. "Mume wako hana ugonjwa huu."

Halafu akamgeukia Masalu. "Baba, wewe ingia chumba namba mbili."

"Mimi siumwi."

"Hujaumwa tangu lini?"

Masalu akanyamaza.

Kunyamaza kule mayu alikuona. Alimzaa, anamjua. Akasimama taratibu.

"Unaulizwa. Hujaumwa tangu lini?"

"Nilichomwa sindano Desemba," Masalu akasema chini chini. "Huko huko machimboni. Nikapona, nikajua yameisha."

Desemba.

Yaani wakati mimi najichubua na shabu, yeye alikuwa ameshapata dawa yake. Alijua ameondoka kwangu Novemba akiwa na nini. Akaponya cha kwake, akanyamaza. Hata kutuma salamu kwa mtu anayevuka, mwambieni mama Mihayo aende akapime. Neno moja tu.

Mayu akasema, "Taja."

"Mama, watu wanasikia."

"Mke wako tulimtajisha akiwa na uchungu, homa inamchemsha, mtoto yuko njiani kufa. Wewe umesimama, umekula, huna uchungu wowote. Taja."

Masalu akatazama sakafu.

"Sijui majina yao," akasema.

Paskazia alikuwa wa kwanza kuondoka, na kwa mara ya kwanza Ponsian alinitazama.

"Kati ya wanaume wote wa Mkolani," akaniambia, "umemtaja aliyekuambia uende hospitali."

Nilikwenda kumwomba radhi nilipopata nguvu, mayu alinisindikiza. Alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema amesamehe. Lakini watu walikuwa hawanunui tena kwake, wanapita wanachekea dirisha. Mwaka haukuisha akafunga duka, wakarudi kwao Bukoba. Hilo ninalo mpaka leo, na halina dawa.

Masalu alitibiwa, tukaishi. Watu huniuliza uliwezaje. Sijui. Nilikuwa na watoto wawili na karai.

Binti yangu tulimpa jina la bibi yake, Kija. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu mweupe, anaona mwanga tu. Ni fundi cherehani sasa, anatunga uzi kwa jicho moja haraka kuliko wewe kwa mawili. Ameniambia, mama andika, usinifiche.

Naandika kwa sababu juzi kwenye kundi la akina mama kwenye simu, binti mmoja wa miezi minane ameuliza, natoka maji ya njano na nachomeka, nitumie nini? Majibu arobaini na kitu. Weka kitunguu saumu. Osha kwa shabu. Paka mtindi. Na mmoja, kwa jina la bandia, kaandika: jichunguze mwenyewe, useme ukweli wako njia ifunguke.

Miaka yote hii imepita, na bado.

Kwa hiyo haya ndiyo ya kuepuka. Sijayapanga kitaalamu, nimeyapanga kama yalivyoniumiza.

Usiseme ni kazi, ni jasho, ni maji ya ndoo. Ute mwepesi mweupe usio na harufu ni wa kawaida. Ukiwa wa njano, wa kijani, wa damu, unanuka, unawasha au unachoma, nenda siku hiyo hiyo.

Usijioshe ndani kwa shabu, sabuni, chumvi, wala majani ya mtu yeyote.

Usinunue vidonge viwili vitatu dirishani. Vinanyamazisha, haviponyi.

Usiseme "sina" kwa nesi kwa kuogopa benchi. Mwombe muongee pembeni.

Maji yakitoka kabla ya uchungu, hata kidogo, hata bila maumivu, usingoje hata jioni.

Usitibiwe peke yako mume akaachwa.

Usimtajishe mwanamke mwenye uchungu. Mpeleke hospitali.

Usitaje mtu asiyehusika, hata wakikulazimisha, hata ukidhani unaokoa mtoto.

Na wewe baba unayesoma hapa kimya kimya: usichomwe sindano huko uliko ukanyamaza. Mwambie mkeo leo.